Jinsi ya kuvielewa vizio vya fizikia vyenye majina ya wanasayansi bila kukariri orodha

Mfumo wa kimataifa wa vipimo, SI, una vizio 19 vilivyopewa majina ya watu. Wengi wetu tulikutana navyo kama jedwali: upande huu jina, upande ule kinachopimwa. Unakariri usiku wa kuamkia mtihani, na baada ya wiki mbili weba na tesla zimeshachanganyika kichwani. Jedwali si baya, ila linaficha jambo la msingi: karibu kila jina humo ni ufupisho. Anayesema "omu" amekwepa kutamka kilogramu mara mita mara mita, gawanya kwa sekunde mara tatu na ampea mara mbili. Ukijua kuufungua ufupisho huo, jedwali utaliandika mwenyewe kwenye karatasi tupu.

Chukua karatasi na kalamu, na uweke chaja ya simu karibu. Tutaihitaji huko mbele.

Hatua ya 1: Tenganisha mtu, kizio na alama

Newton ni mtu, Mwingereza aliyefariki mwaka 1727. Nyutoni ni kizio cha kani, na huandikwa kwa herufi ndogo kama neno lolote la kawaida. N ni alama ya kizio hicho. Ni vitu vitatu tofauti, na makosa mengi ya kwenye daftari hutokana na kuvichanganya.

Kiswahili huandika vizio hivi kwa matamshi yake: wati, volti, ampea, juli, paskali, hezi. Baadhi ya vitabu huacha tahajia ya asili: watt, joule, hertz. Usipoteze muda kubishana kuhusu hilo, kwa sababu alama haibadiliki katika lugha yoyote. W ni W, awe anaisoma Mjapani au Mreno.

Kanuni ya alama ni rahisi na inasaidia sana: kizio kikiwa na jina la mtu, alama huanza kwa herufi kubwa. Ndiyo maana tuna N, J, W, V, A, C, F, H, T, S na K. Zenye herufi mbili hukuza ya kwanza tu: Pa, Hz, Wb, Bq, Gy, Sv. Omu ilipewa Ω ya Kigiriki kwa sababu O ingesomwa kama sifuri. Selsiasi huandikwa °C. Vizio visivyo vya mtu hubaki na herufi ndogo: m, s, kg, mol, cd, lm, lx. Kwa hiyo herufi kubwa ni bendera inayokuambia kwamba nyuma yake kuna mtu.

Lita peke yake huivunja kanuni hii. Inaruhusiwa kuandikwa L kwa sababu l ndogo hufanana mno na tarakimu 1. Mwaka 1978 jarida moja la walimu wa kemia huko Kanada lilichapisha, kama mzaha wa Aprili, wasifu kamili wa "Claude Litre", Mfaransa ambaye hakuwahi kuishi, ili L nayo ipate mtu wake. Kuna waliouamini.

Sasa angalia yanayoharibika ukipuuza herufi. "KG" si kilogramu, kwani K ni kelvini. "5 S" si sekunde tano, ni simensi tano. Hatari kubwa zaidi iko kwenye viambishi: m ndogo ni mili, yaani sehemu ya elfu, na M kubwa ni mega, yaani milioni. Kati ya 5 mW na 5 MW kuna tofauti ya mara bilioni moja: ya kwanza ni kijitochi cha leza, ya pili ni mtambo wa kufua umeme. Tazama pia hizi tatu: nm ni nanomita, mN ni milinyutoni, N·m ni nyutoni mara mita. Herufi ni zilezile, lakini ya kwanza hupima urefu, ya pili kani, na ya tatu kani iliyozidishwa kwa urefu.

Mwisho, acha nafasi kati ya namba na alama (60 W, si 60W), na usiongeze s ya wingi ya Kiingereza. Hakuna "10 Ns".

Hatua ya 2: Panda ngazi kwa tofaa moja

Anza na nyutoni, kwa sababu juli, wati na paskali zote zimesimama juu yake.

Nyutoni moja ni kani inayoipa kilogramu moja mchapuko wa mita moja kwa sekunde kila sekunde. Iandike: N = kg·m/s². Ili uihisi mkononi, shika kitu cha gramu 102, yaani tofaa dogo. Uzito unaoubeba ni nyutoni moja hivi. Newton mwenyewe uzeeni alisimulia kwamba kuona tofaa likianguka kulimfikirisha. Habari ya kugongwa kichwani ni chumvi ya wasimulizi. Na hakuijua nyutoni kabisa: kizio hicho kilipewa jina lake rasmi mwaka 1948, zaidi ya miaka 220 baada ya kifo chake.

Linyanyue tofaa hilo mita moja kwenda juu. Umefanya kazi ya juli moja: J = N·m. James Prescott Joule alitoka kwenye familia ya watengeneza bia karibu na Manchester. Alishusha vitu vizito vilivyofungwa kamba, kamba ikazungusha makasia ndani ya maji, kisha akapima maji yalivyopata joto. Hapo ndipo ugumu ulipo. Kuongezea kilogramu moja ya maji nyuzijoto moja tu kunataka juli kama 4,186, sawa na kuangusha kilogramu moja kutoka urefu wa mita 427. Ongezeko alilokuwa akilitafuta lilikuwa dogo mno, na baadhi ya wasomi wa wakati wake hawakuamini kwamba kipimajoto chake kingeweza kuliona.

Rudia kulinyanyua tofaa, mara moja kila sekunde. Sasa unatoa wati moja: W = J/s. Wati haikuambii umetumia nishati kiasi gani, inakuambia unaitumia kwa kasi gani. Hapa watu wazima wengi huteleza. Uniti ya umeme unayolipia ni kilowati-saa, yaani wati elfu moja kwa muda wa saa moja: 1,000 × 3,600 = juli 3,600,000. Hiyo ni nishati. Kwa hiyo "kilowati kwa saa" si usemi sahihi. Ni kilowati mara saa.

Bado paskali. Lisage tofaa lile na ulitandaze sawasawa juu ya meza yenye eneo la mita moja ya mraba. Kanieneo juu ya meza ni paskali moja: Pa = N/m². Ni kidogo sana, na ndiyo maana huwezi kuiona paskali ikitembea peke yake mtaani, daima imebeba kilo au mega. Tairi la gari dogo hujazwa upepo hadi kPa 220 hivi. Hewa inayotuzunguka kwenye usawa wa bahari hutukandamiza kwa Pa 101,325. Blaise Pascal alitaka kuthibitisha kwamba hewa ina uzito, akamtuma shemeji yake, Florin Périer, apande mlima Puy de Dôme mwaka 1648 akiwa na mrija wa zebaki. Kadiri alivyopanda, zebaki ilishuka.

Hatua ya 3: Ingiza umeme kwa mlango wa ampea

Hadi hapa umetumia kilogramu, mita na sekunde tu. Umeme unahitaji kizio kimoja zaidi, ampea, ambacho kimoja baada ya kingine kitakuzalia wenzake.

Ampea hupima mkondo. Ukiuacha mkondo wa ampea moja upite kwa sekunde moja, chaji iliyopita ni kulombu moja: C = A·s. Ndani ya kulombu hiyo kuna elektroni kama 6.24 × 10¹⁸. Tangu Mei 20, 2019 hesabu hii imegeuzwa: chaji ya elektroni imepewa thamani isiyobadilika, na ampea inatokana nayo.

Kila kulombu ikibeba juli moja, volteji ni volti moja: V = J/C. Hili ndilo wazo ninalopenda mtu alishike kuliko fomula yoyote. Volti ni mzigo wa nishati kwa kila kulombu, na ampea ni idadi ya kulombu zinazopita kwa sekunde. Zidisha hizo mbili, upate juli kwa sekunde, yaani wati. Huna haja ya kukariri kwamba P (kasi ya kutumia nishati) ni V (volteji) mara I (mkondo), vizio vyenyewe vimeshakuambia. Alessandro Volta alipanga visahani vya metali mbili tofauti kwa kupokezana, akaweka vitambaa vyenye maji ya chumvi katikati, na mwaka 1800 dunia ikapata betri yake ya kwanza.

Omu inafuata: Ω = V/A. Birika la umeme la wati 2,000 kwenye volti 230 linavuta ampea 8.7, na waya wake wa moto una ukinzani wa omu 26 na ushei. Georg Ohm alikuwa mwalimu wa shule huko Köln. Alichapisha kanuni yake mwaka 1827 na wasomi wa Ujerumani wakaipokea kwa ubaridi, hadi Royal Society ya London ilipompa nishani ya Copley mwaka 1841. Ipindue omu upate simensi, S = A/V, kizio cha jinsi kitu kinavyopitisha umeme. Zamani Waingereza waliiita "mho", yaani ohm iliyosomwa kinyumenyume. Werner von Siemens ndiye mwenye jina la simensi, na mdogo wake William, aliyehamia Uingereza, ndiye aliyependekeza mwaka 1882 kwamba wati iitwe kwa jina la James Watt.

Faradi ni uwezo wa kapasita kuhifadhi chaji: F = C/V. Kama paskali ni ndogo mno, faradi ni kubwa mno. Kwenye bodi ya redio utakutana na mikrofaradi na pikofaradi.

Hatua ya 4: Sumaku, kwa haraka

Weba ni volti mara sekunde (Wb = V·s) na hupima jumla ya mtiririko wa sumaku. Tesla ni weba kwa mita ya mraba (T = Wb/m²) na hupima jinsi mtiririko huo ulivyosongamana. Ukiikumbuka "kwa mita ya mraba", hutazichanganya tena. Uga sumaku wa dunia ni kati ya mikrotesla 25 na 65. Mashine nyingi za MRI hospitalini zina tesla 1.5. Henri ni ya koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi: H = Wb/A.

Hapa kuna mtego. Michael Faraday anajulikana zaidi kwa kuzalisha umeme kwa sumaku na koili, lakini faradi haihusu koili hata kidogo. Koili alipewa Joseph Henry wa Marekani, aliyegundua jambo lilelile kwa kujitegemea, ila Faraday akamtangulia kulitangaza mwaka 1831. Kwa hiyo usimfuate mtu kwa umaarufu wake, fuata vizio.

Hatua ya 5: Wajue pacha

Vipo vizio vinavyofunguka kuwa kitu kimoja lakini havibadilishani kazi.

Hezi na bekereli zote ni 1/s. Hezi ni ya mambo yanayojirudia kwa mpigo sawa: wimbi, mzunguko, mtetemo. Bekereli ni ya viini vya atomu vinavyovunjika kwa bahati nasibu, bila mpigo wowote. Stesheni ya redio inarusha kwa MHz 100, haiwezi kurusha kwa MBq 100. Heinrich Hertz, aliyeyathibitisha mawimbi hayo, alifariki akiwa na miaka 36. Henri Becquerel naye mwaka 1896 aliweka chumvi ya urani juu ya bamba la picha lililofungwa karatasi nyeusi. Akingoja jua, siku zikawa za mawingu, akalisafisha bamba hivyo hivyo na kukuta limeshapata alama. Jua halikuhusika.

Grei na siverti zote ni J/kg, na hapa kuchanganya ni hatari. Grei husema mwili umepokea nishati kiasi gani ya mnururisho. Siverti huzingatia madhara, kwa sababu miali haifanani. Miligrei moja ya miali ya eksirei huhesabiwa milisiverti moja, lakini miligrei moja ya chembe za alfa huhesabiwa milisiverti 20. Kwa wastani wa dunia, mtu hupokea kama mSv 2.4 kwa mwaka kutoka vyanzo vya asili, kwa hiyo ukisoma habari inayotaja siverti nzima bila "mili" mbele yake, ama ni ajali kubwa ama mwandishi amedondosha herufi.

Pacha wa tatu ni N·m na J. Fundi akikaza nati kwa N·m 100, hakuna anayesema amekaza kwa juli 100. Kani ya kuzungusha hubaki na jina la N·m.

Hatua ya 6: Joto, na mtu mwenye jina la mto

Kelvini na nyuzi selsiasi zina hatua sawa, zinatofautiana mahali pa kuanzia: K = °C + 273.15. Ukitafuta halijoto yenyewe kwenye fomula ya gesi, geuza kwanza iwe kelvini. Ukitafuta tofauti kati ya halijoto mbili, usijumlishe chochote: ongezeko la °C 10 ni ongezeko la K 10. Kosa la kujumlisha 273 kwenye tofauti nadhani ndilo linaloua alama nyingi kuliko yote ya mada hii. Kumbuka pia kwamba neno "nyuzi" liliondolewa kwenye kelvini mwaka 1967. Andika 300 K, si 300 °K.

Anders Celsius, Mswidi, alipotoa skeli yake mwaka 1742 aliweka 0 kwenye maji yanayochemka na 100 kwenye barafu inayoyeyuka, ikageuzwa baadaye. Kelvin naye alizaliwa William Thomson. Alipopewa ubwana alichagua jina la mto Kelvin, unaopita karibu na chuo kikuu cha Glasgow alikofundisha. Ukifuatilia, kizio kina jina la mtu mwenye jina la mto.

Hatua ya 7: Soma lebo ya chaja

Ichukue sasa. Kwenye chaja ya kawaida mstari wa juu utasoma kitu kama 100–240 V ~ 50/60 Hz 0.5 A, na wa chini 5 V, 2 A.

Alama ya ~ inaonyesha mkondo geu. Hz 50 maana yake mizunguko 50 kamili kwa sekunde. Mstari wa chini ni rahisi: juli 5 kwa kulombu, kulombu 2 kwa sekunde, jumla wati 10. Mstari wa juu huwatisha watu. Huzidisha 240 kwa 0.5, wanapata 120, wanadhani chaja inatafuna wati 120 ili itoe 10. Sivyo. Ile 0.5 A ni kikomo ambacho chaja haitakipita, si mkondo inaovuta muda wote.

Betri ya simu je? Tuseme imeandikwa mAh 5,000 (miliampea-saa) na V 3.85. Ampea 5 kwa sekunde 3,600 ni kulombu 18,000. Kila kulombu ina juli 3.85, jumla juli 69,300. Nishati hiyo ingetosha kumnyanyua mtu wa kilo 70 hadi mita 101 juu, ingekuwa hakuna kinachopotea njiani. Kwa chaja ya wati 10, gawanya: sekunde 6,930, karibu saa mbili. Kwa kweli itachukua zaidi, kwa sababu sehemu ya nishati hugeuka joto na simu hupunguza mkondo betri inapokaribia kujaa.

Hatua ya 8: Tumia vizio kukamata makosa

Umekokotoa muda wa kapasita kujaa hadi asilimia 63 hivi, na hukumbuki kama ni ukinzani mara kapasitansi au ukinzani gawanya kwa kapasitansi. Fungua vizio. Omu mara faradi ni (V/A) × (C/V). Volti zinafutana, inabaki C/A, na kulombu ni ampea-sekunde. Jibu ni sekunde. Ndiyo, ni kuzidisha: kΩ 10 na µF 100 hutoa sekunde moja. Jaribu mwenyewe henri gawanya kwa omu, nayo itatoa sekunde.

Angalizo moja. Alama za vizio na herufi za fomula zinagongana: W ni wati lakini pia kazi, C ni kulombu lakini pia kapasitansi, F ni faradi lakini pia kani, T ni tesla lakini pia halijoto. Vitabu huinamisha herufi za fomula na kuzisimamisha alama za vizio. Ukiandika kwa mkono, zipigie mstari herufi za fomula, au weka vizio ndani ya mabano ya mraba.

Hatua ya 9: Vizio vya zamani vinavyogoma kuondoka

Utakutana navyo, kwa hiyo viandike nyuma ya karatasi yako. Gausi moja ni tesla 0.0001. Kyuri moja ni bekereli 3.7 × 10¹⁰. Angstromu moja ni mita 10⁻¹⁰. Desibeli, yenye jina la Alexander Graham Bell, haimo kwenye SI lakini inaruhusiwa kutumika pamoja nayo, na kwa kuwa ina jina la mtu huandikwa dB, B ikiwa kubwa.

Kuna pia hosipawa, ambayo wauzaji wa magari hawaiachi. James Watt ndiye aliyeieneza, ili wateja wake waone injini moja ya mvuke ingechukua nafasi ya farasi wangapi. Hosipawa moja ya Kiingereza ni wati 746, na ile ya metriki ni wati 735.5. Injini ya hosipawa 100 kwa hesabu ya kwanza ni kW 74.6, kwa ya pili ni kW 73.55, kwa hiyo uliza ni ipi kabla hujazidisha.